Msiipime kwa Kilo

Susu alikuwa na kisiagi Tawa, karibu na soko. Injini yake ilikuwa Lister ya kuwashwa kwa hendeli, na mlio wake ulisikika hadi ng'ambo ya bonde. Karo ya watoto wake wote ilitoka kwa ile mashine. Susu alipofariki, wajomba walimwita jamaa wa skrapu. Akaja na pikapu na mzani, akaipima Lister kwa kilo jinsi watu hupima viazi, akatoa keshi, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimesimama pale na simu mkononi. Sikupiga hata picha moja.

Kuna ndege Uingereza ambayo kila nikisoma habari zake naikumbuka ile Lister. Siku hizi inajulikana kwa namba ya kijeshi, ZA150, lakini ilipozaliwa iliitwa 5H-MOG. Ni Super VC10, injini nne za Rolls-Royce mkiani, na ndiyo ya mwisho kabisa kati ya VC10 zote 54 zilizotengenezwa. Februari 1970 ilikabidhiwa mwenyewe. Mwenyewe alikuwa nani? Babu yako. Ilikuwa ya East African Airways, shirika la Kenya, Uganda na Tanzania, lenye makao Embakasi, kwenye uwanja uliojengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau.

Shirika lilianza 1946 na vindege vidogo vya propela, Dragon Rapide, vilivyoundwa kwa mbao na kitambaa. Zikaja DC-3, zikaja Fokker Friendship, kisha jeti. VC10 zilikuwa tano, na usajili uligawiwa nchi zote tatu: 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda, 5Y ya Kenya. Moja ilianguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 na watu 43 wakafa. Mwaka 1977 jumuiya ikavunjika kwa madeni na malumbano, shirika likafa nayo, na zile nne zilizobaki zikarudi kwa waliozitengeneza. Jeshi la Anga la Uingereza likazinunua, likazigeuza matangi ya kujazia ndege nyingine mafuta angani. 5H-MOG ilifanya kazi hiyo hadi Septemba 2013, ikaruka mara ya mwisho na kutua Dunsfold, Surrey.

Huko haikukutana na mzani. Ilipokelewa na Jumba la Makumbusho la Brooklands, mahali ambapo VC10 zilikuwa zikiundwa, na watu wa kujitolea wakawa wanakuja kuitunza na kuwasha zile injini ili zisife. Watu hao hao wa Brooklands hutunza pia ndege za abiria za propela, Viscount na Merchantman, ambazo huenda mtoto wako asingezitazama mara mbili. Hawalipwi. Wanapanda ngazi na spana mkononi kwa sababu wanaamini kazi ya mikono ya watu wao isipotunzwa, hao watu nao watasahaulika.

Sasa wewe msomaji wa Nairobi, najua kidole kishafika kwenye simu utwiti kwamba wakoloni wametuibia ndege. Tulia kidogo. Hii haikuibwa. Shirika lilikufa likiwa na madeni, na hakuna hata serikali moja kati ya tatu iliyosema, ngojeni, moja ibaki hapa. Wakati ule pengine haikuwezekana, deni ni deni. Lakini zile za propela je? Mimi nimesomea nchi hii kuanzia nasari hadi chuo kikuu, nimepelekwa trip kuona mamba, kuona treni kuukuu kwenye makumbusho ya reli, kuona meno ya watu wa kale. Sijawahi kuonyeshwa ndege hata moja ya East African Airways nikaambiwa: gusa, hii ilikuwa yetu.

Nikisema hivi mezani, jibu ni lile lile. "Bana, Tawa watu wanachota maji kwa punda, na wewe unataka tupake ndege rangi?" Ni swali zuri na sitalikwepa. Nimebeba mtungi mimi mwenyewe, najua uzito wake. Lakini nionyesheni kisima hata kimoja kilichochimbwa kwa pesa tuliyookoa kwa kutokuwa na makumbusho ya ndege. Pesa ya skrapu haijawahi kufika kisimani. Na pampu ya kisima hufa vipi? Hufa kwa sababu mfadhili aliikabidhi kwa mbwembwe, ikaharibika washa moja ya mpira, na hapakuwa na mtu aliyefundishwa kwamba mashine hutunzwa. Asiyejua kutunza ndege kuukuu ndiye huyo huyo atakayeshindwa kutunza pampu mpya. Ni ugonjwa mmoja.

Na msiniambie hatuna ujuzi. Kwetu Ukambani kulikuwa na Peugeot 504 zilizobeba watu, mbuzi na magunia ya ndengu juu ya milima ya Mbooni miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuzisahau. Nani alizifanya ziende? Fundi aliyekaa chini ya mwembe, asiye na kitabu cha maelekezo, anayesikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Nenda Kamukunji, nenda Gikomba uone wanachofanya na bati. Nchi hii haina uhaba wa mikono. Ina dharau kwa mikono. Tunamwita fundi "msee wa mtaa" na tunapomtaka mtoto aende poli tunamwambia kama vile tunamhukumu.

Halafu kuna sheria. Sheria yetu ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inakitambua kitu kuwa cha kale kama kiliundwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Piga hesabu. Ndugu wawili Wright waliruka Desemba 1903. Maana yake hakuna ndege duniani, hata ile ya kwanza kabisa, inayoweza kuwa kitu cha kale machoni pa sheria hiyo. Sheria hiyo hiyo inalinda fremu za milango zilizochongwa kabla ya 1946, na ni vizuri, naipenda milango ya Lamu. Lakini 1946 ndio mwaka Dragon Rapide za kwanza za East African Airways zilianza kazi. Mlango una ulinzi, ndege haina. Uzuri ni kwamba Waziri ana uwezo wa kutangaza kitu kingine chochote cha thamani kuwa chini ya ulinzi. Ni tangazo tu, karatasi moja na sahihi.

Wala usifikiri haya ni mambo ya Ulaya pekee. Pale Rand, Germiston, Afrika Kusini, watu wa kujitolea wamehifadhi Lockheed Starliner, ndege ya abiria ya propela nne ambayo duniani zimebaki za kuhesabu kwa vidole. Na majirani zetu wa Ethiopia? Mwaka 1935 walijenga ndege ndogo ya propela, wakaiita Tsehay kwa jina la binti ya Haile Selassie. Waitalia wakaichukua 1936 na kuiweka kwenye makumbusho yao. Ethiopia hawakusema "ni chuma tu." Januari 2024 Italia iliirudisha. Karibu miaka 90 kwa ajili ya kindege ambacho hakiwezi kubeba hata familia yako yote.

Sisi Januari yetu tunayoikumbuka ni ya 2022, minara ya umeme ilipoanguka, nchi ikaingia gizani, na serikali ikapiga marufuku biashara ya skrapu kwa muda. Ilibidi taa zizime ndio tuone mzani unaweza kula nini.

Nilipokuwa Tawa Desemba nilimwendea fundi aliyekuwa akitengeneza Lister ya Susu. Amezeeka, lakini bado anafungua gear-box akiongea. Nikamwambia habari za Brooklands, za watu wanaokuja kufanya kazi bure. Akacheka.

"Hao wana pensheni, mwanangu. Mimi nikienda Nairobi kukufanyia ndege bure, huku watakula nini?"

"Lakini mzee, ungeweza?"

"Injini ni injini. Nipe siku mbili niitazame. Lakini nauli ni yako, na chakula."

Mzee amesema yote. Kujitolea kunahitaji mtu aliyeshiba, na anayemtaka fundi afanye kazi ya taifa kwa njaa ni mnyonyaji tu mwenye maneno matamu. Kwa hivyo siombi miujiza. Nyuma ya mabanda ya Wilson kuna ndege zilizotelekezwa, na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege imewahi kutoa notisi kwamba zisipoondolewa zitapigwa mnada. Kabla ya nyundo kugonga meza, naomba mtu wa Makumbusho ya Taifa apite hapo na daftari, achague hata moja tu ya propela, Waziri aweke sahihi. Iegeshwe mahali vijana wa poli wanaweza kuifikia. Wastaafu wa Embakasi wawe walimu, mafundi wa Tawa na Gikomba wawe wanafunzi na walimu kwa pamoja, na kila anayekuja alipwe nauli na sahani ya chakula. Kampuni zinazotumia mamilioni kuweka nembo kwenye jezi zinaweza kulipia githeri.

Ikishindikana, ishindikane tukiwa tumejaribu. Na wewe, wakati tunamngoja Waziri: kama una mjomba, shangazi au babu aliyefanya kazi Embakasi kabla ya 1977, iwe kufagia hangari au kurusha ndege, mpigie wikendi hii. Rekodi sauti yake. Muulize bolti gani ilikuwa inamsumbua. Muulize jina la fundi mwenzake. Piga picha ya mikono yake, mimi sikupiga ya Lister.

Na kwa yule mzee wa Tawa nishasema: siku ikipatikana ndege, nauli yake ya kwanza nalipa mimi.