Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone Lini?

Majuma machache yaliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana niliyepata kumfundisha zamani, ambaye hivi sasa ni mtumishi wa umma jijini Dodoma. Alitaka ushauri. Yeye na mkewe wamejibana kwa miaka mitatu, wakiweka akiba kidogo kidogo, na sasa wamekusudia kwenda kupumzika siku kumi katika kisiwa cha Madeira, kile kisiwa cha Ureno kilicho katika bahari ya Atlantiki. Alinieleza sababu zake kwa utaratibu wa mtu aliyeutafiti uamuzi wake. Kwanza, hali ya hewa: hakuna joto la kuunguza wala baridi ya kutetemesha. Pili, milima iliyosimama wima na kushuka moja kwa moja majini. Tatu, njia za miguu ubavuni mwa milima, ambako mtembezi huona msitu upande mmoja na maji ya samawati chini yake upande wa pili. Nne, samaki wabichi jioni. Tano, utulivu.

Niliusoma ujumbe ule mara mbili, kisha nikacheka peke yangu. Kijana huyu amezaliwa Kagunga.

Kwa msomaji asiyepajua, Kagunga ni kijiji kilicho ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini kabisa mwa upande wetu, jirani na mpaka wa Burundi. Ukitoka Kigoma mjini kwa boti, unaiacha Kibirizi nyuma yako, unapita mbele ya Hifadhi ya Gombe na vijiji vilivyobanwa kati ya mlima na maji, ndipo unafika. Milima ile ni ukingo wa Bonde la Ufa. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafikia takriban mita 1,470, hata likawa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Joto la Kigoma halimchomi mtu, kwa kuwa wastani wake unazungukia nyuzi 24. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakishawasha taa zao, ziwa hugeuka kuwa mji uliokesha. Yote aliyoyaorodhesha kijana yule yako kwao, pamoja na mgebuka na kuhe ambao Madeira hawawajui.

Nikamwandikia: "Kijana wangu, mbona umenieleza kwenu?"

Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii. Alisema: "Mwalimu, Kagunga naenda kwa misiba na kwa wagonjwa. Siendi kupumzika. Mtu hapumziki mahali anapodaiwa."

Ningeweza kumkemea. Tunayo hotuba iliyokwisha kuandaliwa kwa vijana wa namna hii: ya kwamba wamesahau kwao, wana kasumba, wanapenda vya wazungu, na kwamba utalii wa ndani ni uzalendo. Hotuba hiyo hutolewa kila mwaka kwenye majukwaa, mara nyingi na watu ambao wenyewe hupumzika Dubai. Sikumkemea, kwa sababu nilitambua kuwa amesema kweli, na kweli hiyo inatuhusu sote tunaokula mshahara wa umma.

Tulitazame neno lenyewe. Likizo limetokana na kulikiza, yaani kuachilia, kuachisha. Hata mtoto anayeachishwa ziwa la mama yake husemwa kuwa amelikizwa. Kwa hiyo likizo ni kuachiliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 28 za likizo ya mwaka, na utumishi wa umma una utaratibu wa nauli ya likizo, unaomsafirisha mtumishi kwenda kwao. Utaratibu huo una hekima kubwa: taifa lilitambua kwamba mtu aliyepangiwa kazi mbali anapaswa kurudi kwa wazazi wake. Lakini matokeo yake ni kwamba, katika fikra zetu, likizo na kwenda nyumbani vimekuwa kitu kimoja, na kwenda nyumbani kumekuwa ni kwenda kulipa. Kuna ada za wadogo, paa la bibi, dawa za mjomba, na mchango wa arobaini iliyosogezwa mbele ikimngoja yeye. Mtumishi huachiliwa na ofisi ili akamatwe na ukoo. Anarudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka, mfuko ukiwa mtupu, na mwaka unaofuata anaomba afanye kazi tu.

Ukoo hauna kosa. Ukoo unafanya kazi iliyopaswa kufanywa na taasisi. Pale ambapo bima ya afya haijamfikia mzee, mtoto wake ndiye bima. Pale ambapo mgonjwa wa usiku hana chombo cha kumvusha, simu hupigwa Dodoma. Kijana wa Kagunga hawezi kupumzika Kagunga kwa sababu yeye mwenyewe ni sehemu ya miundombinu ya Kagunga.

Sasa tumtazame akipanga safari mbili. Ya kwanza ni ya Madeira. Anatakiwa kuomba viza, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90. Apeleke taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima ya safari ya angalau yuro 30,000, uthibitisho wa malazi na tiketi ya kwenda na kurudi. Ni mlolongo wenye kudhalilisha, nami siutetei. Lakini akishaumaliza, anajua saa na dakika ya kutua kwake miezi mitatu kabla. Safari ya pili ni ya Kagunga. Hapa haombwi karatasi hata moja. Anafika Kigoma, anashuka Kibirizi na kuuliza boti inaondoka lini. Anajibiwa kulingana na abiria, shehena na hali ya ziwa. Miezi ya kiangazi, upepo wa kusini ukivuma, hata mwenye boti hana jibu. Kwa safari ya kwanza anahitaji fedha na subira; kwa ya pili anahitaji tawakali. Na hakuna awezaye kupanga mapumziko kwa tawakali peke yake.

Wapo watakaosema: tulieni, watalii waje kwanza, fedha zao zitajenga gati, barabara na zahanati. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni methali nzuri, nami nimelelewa nayo. Lakini tukiitumia kama sera, tutangoja sana, na Madeira yenyewe ni shahidi.

Kile ambacho watalii hukifuata Madeira, mbali na hewa, ni mifereji iitwayo levada. Ni mifereji myembamba ya maji iliyochongwa ubavuni mwa milima, na urefu wake kwa jumla unapita kilomita 2,000. Ilianza kuchimbwa katika karne ya 15 ili kuyatoa maji upande wa kaskazini wenye mvua na kuyafikisha kwenye mashamba ya miwa upande mkavu wa kusini. Kando ya kila mfereji pana kijia cha mtu wa kuutunza. Kijia hicho ndicho anachotembea mtalii leo. Hakikuchongwa kwa ajili yake. Tusisahau pia kwamba miongoni mwa waliofanyishwa kazi katika kisiwa kile cha sukari walikuwamo watumwa waliotolewa Afrika, wala kwamba wenyeji wa Madeira waliishi kwa dhiki kwa muda mrefu, wakihamia Venezuela na Afrika Kusini kutafuta riziki. Kisiwa kizuri si lazima kiwe kisiwa chenye neema.

Hali ilibadilika vipi? Mwaka 1976 Madeira ilipata mamlaka ya kujiendesha ndani ya Ureno, ikiwa na bunge na serikali yake. Mwaka 1986 Ureno iliingia katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, na fedha za maendeleo ya maeneo yaliyo pembezoni zikafuata. Milima ikatobolewa mahandaki ili vijiji vifikike. Uwanja wa ndege, uliobanwa kati ya mlima na bahari, ukarefushwa kwa kuusimamisha juu ya nguzo 180, kazi iliyokamilika mwaka 2000. Wageni walikuwa wakienda Madeira tangu zamani, hilo sikatai. Lakini aliyepitishwa kwanza mahandakini ni mgonjwa, mwanafunzi na mwenye ndizi zake za kuuza. Mtalii alipanda gari lililokuwa tayari njiani.

Somo hili tunalo hata hapa hapa. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na mwaka 1968 Gombe ikawa hifadhi ya taifa. Kwa miongo mitatu dunia ilisoma habari za sokwe wake mmoja mmoja, kwa majina na nasaba zao, kuliko ilivyosoma habari za watu wa vijiji vya jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipopita juu ya eneo hilo kwa ndege, aliona msitu wa hifadhi umebaki kama kisiwa katikati ya vilima vilivyo uchi. Akatambua kuwa sokwe hawataokoka iwapo watu wanaowazunguka hawana mbadala wa kukata miti. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mpango wa TACARE katika vijiji hivyo, wa miti, maji, afya na mikopo. Yule aliyewapenda sokwe kuliko wengi wetu ndiye aliyetuambia kwamba kazi inaanzia kwa mwanakijiji.

Ndugu msomaji, Kagunga imewahi kuwa kwenye habari za dunia. Ilikuwa Mei 2015, machafuko ya Burundi yalipowaleta wakimbizi makumi ya maelfu katika ufukwe ule mwembamba. Kipindupindu kikazuka na kuua watu wapatao thelathini. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuzamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 kabla ya kuibuliwa tena na Waingereza, ndiyo iliyoitwa kuwabeba wakimbizi hadi Kigoma. Wanahabari wakaiita Kagunga mahali pasipofikika. Lakini watu hawakuishi mahali pasipofikika mwaka ule tu. Wameishi hapo miaka yote. Tofauti ni kwamba mwaka ule waliokwama walikuwa wengi mno kiasi cha kuonekana. Mama mmoja mwenye uchungu wa uzazi, anayepaswa kufika Hospitali ya Maweni usiku wa mawimbi, hakusanyi kamera.

Kwa hiyo, ninapoulizwa jinsi ya kukuza utalii katika mwambao wa kaskazini mwa Kigoma, jibu langu halianzi na vipeperushi. Linaanza na chombo cha abiria chenye ratiba inayobandikwa ukutani na kuheshimiwa, mtu mmoja akipanda au hamsini. Linafuatiwa na jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria, linalovaliwa badala ya kukaliwa. Kisha boti ya wagonjwa yenye mafuta muda wote na nahodha anayelala karibu nayo. Kisha huduma za afya ambazo mzee anazipata bila kumpigia mtoto wake simu. Hakuna hata moja kati ya haya lililo la utalii. Lakini yakiwapo, mwalimu wa Kasulu atajua kwamba akiondoka Ijumaa atarudi Jumapili, na mwanakijiji mwenye chumba cha ziada atajua siku ya kukifagia. Ratiba ya boti ndiyo levada yetu.

Ninyi watumishi wenzangu, mpango huu una sehemu yenu pia. Maeneo kama Kagunga tumeyazoea kama vituo vya adhabu: mtu akikosana na mkubwa wake hutishiwa kupelekwa mwisho wa reli na kuvushwa mbele zaidi. Nchi haiwezi kuyatumia maeneo yale yale kama gereza la watumishi na kama pepo ya watalii. Na ninyi wanafunzi, mtakapokuja kupanga bajeti za halmashauri, msiulize tu ni wageni wangapi wataingia. Ulizeni ni wenyeji wangapi wanaweza kutoka na kurudi kwa siku waliyoichagua wenyewe.

Nilimshauri kijana wangu aende Madeira. Ameitolea jasho. Nilimwomba tu kwamba akiwa juu ya kijia cha levada aulize kilichongwa na nani, kwa ajili ya nani, kisha aje na jibu ofisini kwake Dodoma, kwa kuwa yeye ni miongoni mwa wanaoandika mipango ya nchi hii. Nikamwomba na jambo la pili: kabla ya safari hiyo, achukue siku tano za likizo yake aende Kagunga bila msiba wala mgonjwa. Akae ufukweni jioni, ale mgebuka, azitazame taa za wavuvi.

Alikubali. Juzi ameniandikia tena. Alimpigia mama yake simu kumwarifu kuwa anakuja mwezi ujao, yeye na mkewe. Upande wa pili wa simu palikuwa kimya kidogo, kisha mama akauliza kwa sauti ya chini: "Nani amefariki?"