Tusiushushe Umahiri

Neno umahiri limekuwa la kila siku shuleni. Tangu mtaala wa sekondari wa Tanzania ulipobadilishwa mwaka 2005, mkazo ukatoka katika maudhui ukaenda katika kile mwanafunzi anachoweza kutenda, nasi walimu tumezoea kuandika umahiri huu na umahiri ule. Mihtasari ya leo ina umahiri mkuu na umahiri mahususi. Sina ugomvi na shabaha yenyewe. Anayeweza kuandika barua amefaidika kuliko anayeweza kutaja sehemu za barua tu. Ugomvi wangu ni juu ya neno.

Katika Kiswahili cha watu, mahiri ni sifa, na sifa hiyo hutolewa na wengine. Chukua warina asali wa Mlele, hapa kwetu Katavi. Aliyepanda mtini mara moja akashuka na ndoo ya asali, amerina, hilo halikanushwi. Lakini jina la umahiri atalipata baadaye, vinywani mwa wenzake, watakapoona anajua kutumia moshi bila kuunguza, na anawaachia nyuki masega ya kutosha wasiuhame mzinga. Chema chajiuza.

Kando ya sifa hiyo, lugha yetu ina vipimo vingine. Sheria humhesabu mtu aliyetimiza umri wa miaka 18 na mwenye akili timamu kuwa ana uwezo wa kufunga mkataba. Mahakama nayo husemwa kuwa ina mamlaka ya kusikiliza shauri. Hapo hakuna anayepongezwa. Katika isimu, Chomsky alipotenganisha mwaka 1965 ujuzi wa lugha ulio akilini na matumizi yake, wanaisimu wetu waliuita ule wa kwanza umilisi na ule wa pili utendaji. Umilisi anao kila mzawa wa lugha, hata asiyewahi kukanyaga darasani. Jirani zetu wa Kenya wakalichukua neno hilo kuuita mtaala wao mpya Mtaala wa Umilisi. Kiingereza hutumia neno moja kwa yote haya. Sisi tunayo kadhaa, na kila moja lina uzito wake.

Uzito huo si mchezo wa wanakamusi. Katumba na Mishamo, makazi yaliyo mkoani kwetu, yalipokea Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972. Pamoja na wenzao wa Ulyankulu, Tabora, watu wapatao 162,000 walikubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humtaka mwombaji wa tajnisi awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza. “Kutosha” hapo ni neno la haki: lauliza kama mtu aweza kuishi na wenzake kwa lugha hiyo. Lingewekwa umahiri mahali pake, hata wengi tuliozaliwa raia tungebaki mlangoni.

Shuleni, hata hivyo, tumeufanya umahiri kuwa kizingiti. Mtoto wa Katumba, au yule ambaye nyumbani kwao huzungumzwa Kibende, Kipimbwe au Kisukuma, akikosea mizani huandikwa kuwa hajafikia umahiri, kana kwamba mtoto wa miaka kumi na minne alipaswa kuwa bingwa. Mwenzake aliyepanga mizani minane kwa minane na vina vikalingana huambiwa ameufikia. Wa kwanza ameonewa. Wa pili amedanganywa kuwa safari imekwisha. Kwetu washairi, madhara ya pili ndiyo makubwa, kwa kuwa vina na mizani ni mlango, na mtu hukaa ndani ya nyumba, hakai mlangoni.

Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa Mgogo. Kiswahili hakukinyonya kwa mama. Umahiri wake aliupata kwa kazi ya miaka mingi, na waliomwita mahiri ni wasomaji wake.

Najua nitaambiwa kwamba maneno hubadilika na kamusi huwafuata wasemaji. Ni kweli. Lakini hili halikubadilishwa na wasemaji. Limebadilishwa na majedwali, na walimu tukayanakili. Basi wanaisimu wabaki na umilisi wao, sheria ibaki na uwezo na mamlaka, na mwalimu anayejaza taarifa ya maendeleo aandike tu: “Anaweza kutunga tarbia yenye vina na mizani.” Sentensi hiyo ni ya kweli, mzazi ataielewa, na mtoto atajua kuwa mbele bado kuna njia.