Injini za Kubana Mafuta Zataka Akiba

Mkulima wa Mishamo asikiapo habari za injini za ndege za masafa marefu, huenda akajiuliza zinamhusu nini yeye ambaye safari yake ndefu ni ya kwenda Mpanda mjini. Zinamhusu sana. Ndege zilizofufua Air Tanzania tangu mwaka 2016 zilinunuliwa kwa fedha za umma, zikakabidhiwa Wakala wa Ndege za Serikali, nao ukalikodisha shirika. Kila anunuapo sabuni au saruji, mwananchi wa Mishamo huchangia fedha hizo, akiwemo yule aliyekuja kutoka Burundi mwaka 1972 na ambaye leo ni raia mwenzetu. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza mafuta ya ndege zake yanakwendaje.

Comet 4 za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, zilizoanza kazi mwaka 1960, zilipitisha hewa yote motoni na kuitupa nyuma kwa kasi kubwa mno. Nguvu nyingi ilipotelea katika ngurumo na upepo, mithili ya kuni za mafiga matatu zinazopasha joto uwanja mzima badala ya sufuria. Super VC10 za mwaka 1966 zilipunguza upotevu huo kwa kiasi tu. Boeing 787 yetu ya kwanza, iliyotua Dar es Salaam Julai 2018, ina injini za Rolls-Royce Trent 1000 zenye pangaboi kubwa mbele. Pangaboi hilo husukuma nje ya moto hewa karibu mara 10 ya ile inayoingia motoni. Ndege hupata msukumo ule ule kwa nguvu ndogo zaidi, kwa kuwa hewa ni nyingi na mwendo wake ni wa taratibu. Watengenezaji walisema ndege hiyo hupunguza mafuta kwa asilimia 20 hivi ikilinganishwa na zile za ukubwa wake zilizoitangulia.

Lakini siri ya pili ni joto. Hewa hubanwa sana, na moto huwa mkali kupita kiwango cha kuyeyusha chuma cha mapanga ya ndani. Mapanga hayo husalimika kwa sababu hewa ya kuyapoza hupitishwa katika vitundu vidogo sana. Hapo ndipo ubanaji unapodai malipo yake. Mwaka 2018 mashirika kadhaa duniani yaliegesha Boeing 787 kwa kuwa mapanga ya Trent 1000 yaliliwa na kutu mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2022 ikawa zamu ya baadhi ya Airbus A220 zetu, ambazo injini zake ni za kampuni nyingine, Pratt & Whitney.

Wako wanaosema tungenunua ndege kuukuu zenye injini sugu. Hesabu yao ni fupi. Mafuta hulipwa kwa fedha za kigeni kila siku ndege irukapo, na injini ya zamani huyanywa bila huruma. Hata hivyo, ndege iliyoegeshwa haibani mafuta ya mtu yeyote, na madeni yake hayaegeshwi pamoja nayo. Basi mkataba wa kununua ndege hauna budi kutaja injini ya akiba, muda wa kusubiri vipuri, na fidia ya siku ambazo ndege italala chini. Mafundi nao, wakiwemo wanaofunzwa katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, wapewe nafasi ya kuzifungua injini hizi hapa nchini, kwa kadiri watengenezaji wanavyoweza kukubali, na jambo hilo lidaiwe kabla ya kutia sahihi.