Nchi Saba kwa Siku Kumi

Mwaka 2025, mpunga ulipokwisha kuvunwa, mjukuu wangu mmoja alinijia nyumbani jioni akiwa na karatasi mkononi. Aliniamkia, akaketi, akanieleza kwamba fedha ya kakao ya mwaka uliotangulia, aliyoiweka benki badala ya kuinywa kama walivyofanya baadhi ya wenzake, sasa ingemtosha kwenda kuiona Ulaya. Kazini amepata likizo. Akitoa siku za basi kutoka Kyela hadi Dar es Salaam na kurudi, zinabaki siku kumi. Karatasi ile ilikuwa ratiba yake. Nilivaa miwani nikasoma: London, Paris, Brussels, Amsterdam, Berlin, Prague, Roma. Chini yake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu atoaye alama: "Nchi 7!"

Nimesahihisha karatasi nyingi maishani mwangu, darasani na baadaye katika ofisi ya mkuu wa shule. Ile niliipa sifuri, nikamrudishia. Alicheka akidhani babu anatania. Sikuwa natania, na ndiyo sababu ya kuyaandika haya, maana si yeye peke yake. Kila mara nisikiapo kijana wa kwetu amepata nafasi ya kwenda ng'ambo, nasikia pia hesabu ile ile ya nchi, kana kwamba nchi ni magunia ya mpunga yanayopakiwa lorini. Nasema wazi: safari ya namna hiyo ni hasara, ni ubatili, na mwisho wake ni utovu wa adabu.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa mjukuu wangu ni mtu wa hesabu. Siku kumi si kumi. Siku ya kwanza ni ya kufika, ukiwa umekesha ndegeni na macho mekundu. Siku ya mwisho ni ya kuondoka. Zimebaki nane. Miji saba ina maana ya kuhama mara sita. Alinieleza kwa fahari kwamba treni za huko ni za kasi: London hadi Paris ni saa mbili na ushei, Paris hadi Brussels haifiki saa moja na nusu. Ni kweli. Lakini treni si safari yote. Kuna kufunga mizigo, kukabidhi chumba, kutafuta stesheni, kungoja, kushuka mji usioujua, kuuliza njia kwa lugha usiyoijua, kisha kukaa na begi mlangoni kwa sababu chumba hakijawa tayari. Kila kuhama hula nusu ya siku. Na Amsterdam hadi Berlin hakuna muujiza: ni kiasi cha saa sita. Toka Prague hadi Roma itakubidi upande ndege. Weka kuhama sita kwa nusu siku, umepoteza siku tatu. Zimebaki tano, kwa miji saba. Gawanya mwenyewe. Kila mji haupati hata siku nzima, na humo ndani bado hujala wala hujalala.

Halafu kuna viza. Vijana wengi hudhani viza ya Ulaya ni moja. Viza ya Schengen hufungua nchi 29, lakini Uingereza si mojawapo. Kwa ajili ya London peke yake ingembidi aombe viza ya pili, alipe ada ya pili, na angoje majibu ya pili. Na hiyo ya Schengen yenyewe ina kanuni: maombi hupelekwa katika ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, nchi utakayoingia kwanza. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Utadaiwa taarifa ya benki na uthibitisho wa mahali pa kulala. Sasa mweleze ofisa wa ubalozi kwamba unakaa usiku mmoja mmoja kila mahali, huna mwenyeji popote wala shughuli popote. Atakuuliza: kijana, unafuata nini? Mimi nami nilimwuliza hivyo hivyo. Alinyamaza.

Wanaotetea safari hizi husema, kutembea kwingi ni kuona mengi. Nami nawakumbusha methali nyingine ya Waswahili hao hao: mtembezi hula miguu yake. Sisi wa pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa tulipaswa kulijua hili kuliko watu wengine. Nani kati yetu hajapanda meli bandarini Itungi kwenda Mbamba Bay? Nilisafiri mara nyingi na meli ya Songea. Meli husimama Lumbila, husimama Manda, husimama Liuli. Abiria huegemea chuma, hutazama mitumbwi ikija na samaki, honi hulia, basi. Vijana wangu wa shule walikuwa wakirudi na kusema, "Mwalimu, tumefika Lumbila." Mimi niliwajibu, "Lumbila mmeipita. Aliyefika Lumbila ni yule aliyeshuka na mzigo wake kichwani."

Tena sisi huwacheka watalii. Malori yao makubwa yenye viti juu yamekuwa yakiteremka kutoka Tukuyu miaka na miaka, yanapita kwenye migomba yetu, yanavuka mto Songwe pale Kasumulu, na jioni watu hao wapo upande wa Karonga wakisema wameiona Tanzania. Matema hawakufika. Hawakuiona milima ya Livingstone inavyoshuka moja kwa moja majini. Hawakuwaona akina mama wa Kikisi wakileta vyungu vyao kutoka Ikombe kwa mitumbwi kwenye gulio la Jumamosi. Tunawatazama vumbi lao likitulia, tunatikisa kichwa, tunasema: watu hawa wanakimbizwa na nini? Kisha mtoto wetu akipata fedha, naye anataka kuwa lori.

Wala ugonjwa huu si mgeni kwao wenyewe. Mwaka 1969 Wamarekani walitengeneza filamu ya kuchekesha juu ya watalii wenzao waliopelekwa nchi tisa za Ulaya kwa siku kumi na nane, ambao ilibidi waitazame siku ya juma ndipo wajue wako nchi gani. Siku mbili kwa nchi moja, nao walijicheka. Mjukuu wangu alitaka kuwapita kwa mwendo.

Wenzetu waliotutangulia hawakusafiri hivyo. Salim bin Abakari, Mngazija aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani Bumiller, alifika ziwani kwetu wakati Wissmann alipoleta stima yake, na mwaka 1896 akafuatana na bwana wake kwenda Urusi na Siberia. Safari zote mbili alizisimulia kwa Kiswahili, na Carl Velten akazichapisha mwaka 1901. Mtumishi yule hakujipangia njia, lakini alitazama, ndiyo maana alikuwa na la kusimulia. Martin Kayamba alikwenda Uingereza mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, akarudi na kitabu kizima. Nchi moja, kitabu kimoja. Waulize wanaorudi leo na nchi saba wakuandikie ukurasa mmoja. Watakupa simu uangalie picha.

Lakini haya yote ningeyasema kwa sauti ya chini kama mimi mwenyewe ningekuwa msafi. Sikuwa.

Mwaka 1997 nilipelekwa Uholanzi kwa mafunzo ya walimu ya wiki tatu. Mwishoni tulibakiwa na siku nane. Mimi na mwalimu mwenzangu tulinunua tiketi za treni za kuzunguka, tukapanga nchi tano: Uholanzi, Ujerumani, Luxembourg, Ufaransa, Ubelgiji. Tulijisifu kama watoto. Nyumbani, kabla sijaondoka, mama yangu alikuwa amenipa anwani ya mama mmoja wa Kijerumani, muuguzi aliyefanya kazi huku ziwani miaka ya 1950 na 1960, aliyestaafu na kuishi katika mji mdogo usio mbali na Köln. "Usipite bila kumsalimu," alisema.

Nilimsalimu, na salamu yangu ilikuwa ya dakika hamsini. Alikuwa mzee sana, amevaa nguo zake nzuri, ametandika meza na kuoka keki. Alinipokea kwa Kinyakyusa, nami nilitaka kulia. Kabla hatujala alileta sanduku la mbao lililojaa picha, akaanza kuzitoa moja moja: mitumbwi ya Matema, soko la Ipinda, mafuriko ya mwaka fulani. Katika picha ya nne au ya tano aliweka kidole juu ya kijana mmoja aliyeshika jembe kati ya wenzake. "Huyu ni baba yako," akasema. Baba yangu alifariki nikiwa kijana, na nyumbani kwetu hapakuwa na picha yake hata moja. Mama yule alisema zipo nyingine chini, nisubiri azitafute, tena ana habari zake za kunisimulia.

Nilitazama saa. Treni ya Luxembourg.

Nilimwambia nitamwandikia barua. Alinifungia keki kwenye karatasi, akasimama mlangoni akinipungia mkono. Nilimwandikia, naam, na barua yangu ilijibiwa na jirani yake: alikuwa amefariki majira ya baridi, na nyumba ilikuwa imekwisha kuondolewa vitu. Sanduku sijui lilikokwenda. Baba yangu nilimwona kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na habari zile sitazisikia tena.

Na Luxembourg je? Tulifika usiku, tukalala, tukaondoka alfajiri. Hata mhuri kwenye pasipoti sikupata, maana mipaka ile ilikuwa imekwisha kuacha kugonga mihuri. Hiyo ndiyo nchi niliyonunua kwa bei ile. Ndiyo maana nimesema mwisho wa safari hizi ni utovu wa adabu. Kwetu Kyela mgeni hupikiwa wali na kuku, na mgeni anayeinuka kabla chakula hakijaiva amemdhalilisha mwenye nyumba. Hakuna atakayemsamehe kwa kuwa ana nyumba nyingine sita za kupitia.

Najua jibu la mjukuu wangu, na ni jibu zito, sitalidharau. Alisema: "Babu, mtu wa Kyela haendi Ulaya mara mbili. Bei ya kakao ilipita dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia mwaka 2024, na sasa imeanguka. Nisipoona yote safari hii, nitaona lini?" Nami nilimjibu: kwa sababu ni mara moja, ndiyo maana usiitawanye. Mwenye mbegu debe moja haimwagi juu ya ekari saba. Na ukweli ni kwamba yote hutayaona, hata ukipewa miaka. Chaguo lako si kati ya kuona yote na kuona kidogo. Ni kati ya kuona kitu na kutoona kitu.

Lawama nyingine ni yetu sisi tunaobaki. Kijana akirudi tunamwuliza, "Umefika nchi ngapi?" Hatumwulizi alikaa kwa nani, alikula nini, alijifunza nini. Nilipokuwa mkuu wa shule nilikuwa na mwalimu aliyemaliza muhtasari wa somo mwezi wa nane kila mwaka, akajisifu ofisini. Mtihani ulipokuja wanafunzi wake hawakujua hata mada ya kwanza. Mwenzake aliyechelewa, wakaguzi wakamkemea, alitoa vijana waliojua walichofundishwa. Tusiwafanye watoto wetu wamalize muhtasari wa Ulaya.

Basi tulichukua karatasi nyingine, tukapanga upya. Amsterdam, usiku nne. Kwa nini Amsterdam? Kwa sababu bandari yake ndiyo kubwa kuliko zote duniani kwa kupokea kakao, na yeye ni mkulima wa kakao ambaye tangu mtoto ameiona ikianikwa, ikipimwa ghalani na kuuzwa mnadani, lakini hajapata kuona inakokwenda. Jirani yake ni Zaandam, mji wa viwanda vya kakao. Aende asikie harufu ya jasho lake. Kisha treni moja, mchana, atazame nchi dirishani, hadi Berlin, usiku nne. Kutoka huko siku moja aende Herrnhut, mji mdogo ulioanzishwa mwaka 1722, walikotoka Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891. Kuna jumba la makumbusho la vitu vilivyokusanywa na wamisionari, na nyaraka zao za zamani. Nchi mbili, kuhama mara moja, viza moja, na swali la ofisa wa ubalozi lina jibu.

Aliikunja karatasi, akasema, "Na Paris, Babu?" Nilimwambia Paris ipo tangu zamani na itakuwapo. Aliondoka bila kuahidi kitu, na sikumlazimisha, kwa kuwa fedha ni yake.

Nimemwomba jambo moja tu. Huko aendako, mtu akimtolea sanduku la picha, asitazame saa.