Kivuli cha Luanda Magere si pambo

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kivuli. Ngoja nieleze.

Mpwa wangu yuko Gredi ya 6, ana miaka 11. Spider-Man anamfahamu kuliko anavyowafahamu binamu zake wa Seme. Kila Jumamosi huja kwangu hapa Kisumu, hunisalimu haraka haraka, kisha mkono wake unatangulia kwenye simu yangu. Jumamosi moja nilimuuliza kama anamjua Luanda Magere. Akajibu bila kuinua macho: "Yule wa jiwe?" Ni hayo tu aliyokuwa nayo. Yule wa jiwe.

Iliniuma kidogo, nakiri. Februari 2018 mji huu ulitandaza zulia jekundu kwa uzinduzi wa filamu ya Black Panther, kwa sababu Lupita Nyong'o ni binti wa hapa. Watoto walikunja mikono kifuani wakipiga saluti ya Wakanda, nchi ambayo haipo kwenye ramani yoyote. Mimi mwenyewe niliikunja, sijioni bora kuliko wao. Lakini mwamba wa Magere upo huku huku kwetu, katika nchi ya Kano, na mtu anaweza kwenda kuugusa.

Kwa asiyemjua: Luanda Magere alikuwa shujaa wa Wajaluo, wa ukoo wa Sidho. Mkuki ulipompiga uliteleza kama uliopiga jiwe. Maadui zake, Lango, walipochoka kushindwa walimpa binti mzuri amwoe, kwa jina la amani. Siku moja Magere akaugua, akamwambia huyo mke asimchanje mwilini bali achanje kivuli chake na kukipaka dawa. Mke akachanja, akaona damu ikitoka kivulini. Usiku ule akatoroka akarudi kwao na siri. Vita vilivyofuata Lango walilenga kivuli, na Magere akaanguka, akawa jiwe.

Sasa nisikilizeni kama mtu anayeandika programu, si kama mtu anayelinda mila. Udhaifu wa Superman ni jiwe la kijani kutoka sayari nyingine; mwandishi akilihitaji analitoa mfukoni, asipolihitaji analisahau. Udhaifu wa Magere uko naye kila jua linapowaka, na ukubwa wake unabadilika kila dakika kwa hesabu ya shule ya sekondari. Gawanya urefu wa mtu kwa tanjenti ya pembe ya jua, umepata urefu wa kivuli. Magere wa mita 1.8, jua likiwa nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, anaburuta kivuli cha mita 10. Kila mwenye mkuki anaweza kukipata. Jua likifika nyuzi 80, kivuli kinabaki sentimita 32, amekikanyagia karibu chote.

Na mahali penyewe! Kisumu iko kama kilomita 10 tu kusini mwa Ikweta. Mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, kwa hiyo Magere kwa dakika chache hana kivuli cha kuchomwa. Mwezi Juni hapati nafuu hiyo, kwa sababu hata adhuhuri anabaki na sentimita 78. (Adhuhuri ya kweli hapa huja dakika 40 hivi baada ya saa sita, kwa kuwa saa za Kenya hufuata jua la mbali mashariki mwetu. Nilipoteza jioni nzima nikidhani programu yangu ina kosa.) Hakuna haja ya kumwambia mchezaji lolote. Ataona mwenyewe kwamba asubuhi ni ya kujificha chini ya mti na mchana ni wa kushambulia, na wingu likipita atashukuru.

Katika gemu nyingi za simu za bei nafuu kivuli ni duara jeusi lililobandikwa miguuni, na simu ikianza kuchoka ndicho cha kwanza kuzimwa. Hapa hakizimiki, maana ndicho mwili wenyewe. Sikutumia njia nzito ya vivuli inayotafuna prosesa. Nilichukua umbo bapa la mtu, nikalilaza ardhini, nikalivuta kwa hesabu ile ile. Linakimbia vizuri hata kwenye simu kuukuu ya dada yangu yenye kioo kilichopasuka.

Mtaniuliza, kwani hatuna mashujaa wengine wa kisasa? Tunao. Shujaaz lilianza mwaka 2010, katuni za bure kwa Sheng, na 2012 likatwaa tuzo ya kimataifa ya Emmy. Super Sema ilianza kuonyeshwa YouTube Machi 2021, Lupita akiwa mmoja wa watayarishaji wake: msichana wa miaka 10 anayepambana na roboti mtawala kwa sayansi na ubunifu. Kazi nzuri zote mbili, sina ugomvi nazo. Nina lalamiko moja tu. Shujaa wetu wa Kiafrika, kila akiruka, lazima atue na somo mkononi: panda mbegu hivi, penda hisabati. Batman hajawahi kumfundisha mtoto kunawa mikono. Mtoto wa miaka 11 hunusa somo kutoka mbali kama unavyonusa omena zikianikwa Dunga, na akishalinusa anarudi kwenye Free Fire.

Basi nikampa mpwa wangu simu, uwanja mtupu, jua, Magere na watu kumi wenye mikuki. Alicheza nusu saa bila kusema. Halafu: "Anko, hawa ninaowapiga ni nani?"

"Lango."

"Lango ni nani?"

Nikameza mate. Lango ni jina ambalo Wajaluo huwaitia majirani wetu Wanandi na Wakipsigis. Mwenzake wa dawati anatoka Nandi Hills. Hii si historia ya zamani tu. Mwaka 2023 watu walikufa pale Sondu, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, katika mapigano ya jamii hizi hizi. Nami nilikuwa nimempa mtoto mashine ya kuwaua, jirani kwa jirani, kwa alama kumi kila mmoja.

Rafiki ninayefanya naye kazi alitoa ushauri wa haraka: weka mazombi. Nairobi X, gemu ya Kenya ya mwaka 2015, iliweka viumbe wa anga za juu, hakuna kabila lililolalamika. Nilijaribu kwa siku mbili. Haikuwezekana, kwa sababu ya yule mke. Zombi hawezi kutoa binti yake kwa jina la amani. Ukiwaondoa Lango unamwondoa na yeye, na ukimwondoa yeye hakuna anayejua siri ya kivuli, unabaki na mtu wa jiwe anayepiga watu. Yaani kile kile mpwa wangu alichokuwa nacho mwanzoni.

Nikakaa nikimfikiria. Kwetu anasimuliwa kama msaliti. Lakini tazama kazi yake: msichana anapelekwa peke yake kuishi ndani ya boma la adui, anakaa, anasubiri, anagundua kile ambacho majeshi hayakugundua, anatoroka usiku mpaka nyumbani. Hadithi hiyo ukiisimulia ukiwa upande wa milima ya Nandi, shujaa ni nani?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua baadhi yenu mtanikemea: tusimsafishe Magere ili afae watoto. Lango wabaki Lango, lakini gemu iwe na nusu mbili. Nusu ya kwanza wewe ni Magere, unapigana na jua. Nusu ya pili wewe ni yule mke, huna mkuki, unatembea usiku pasipo vivuli. Na Magere afe kila mara, hakuna njia ya siri ya kumwokoa. Umri wa miaka 10 hadi 12 ndio mtoto anaanza kushuku kwamba kila ugomvi una pande mbili. Tukimnyima hapo, tunamnyima wakati anapouliza.

Mpwa wangu alikasirika Magere alipokufa. Akatupa simu kwenye kochi, akaenda kunywa maji, akarudi, akataka nusu ya pili. Sasa nina tatizo dogo. Juu ya kichwa cha kila mchezaji panatokea jina, na dani aliyetusimulia hadithi hii hakuwahi kumtaja huyo mwanamke kwa jina. Alikuwa nyar Lango tu, binti wa Lango. Nafasi hiyo bado iko wazi kwenye programu. Mpwa wangu amesema Jumatatu atamuuliza mwenzake wa dawati.