Kitabu Kinaondoka, Daftari Linabaki

Ndugu zangu wa Murongo, na nyote wa Kyerwa na Karagwe, ni nyumba ipi kati yetu isiyo na daftari?

Mwenye duka analo la madeni, na hilo halina utani. Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa analo la hisa. Karani wa chama cha msingi analo la kilo za kahawa ya maganda. Msiba ukitokea, hata turubai halijafungwa vizuri, tayari kuna mtu ameketi na daftari mapajani anaandika nani katoa nini. Kwa habari ya kuandika, sisi si wageni.

Leo naomba nafasi ya daftari moja zaidi. Naomba daftari la vitabu: vile tunavyosoma, na yale tuliyoyawaza tulipokuwa tukivisoma. Liandikwe kwa mkono, likae nyumbani, wanafamilia wote walijue.

Kwa nini? Kwa sababu kitabu hapa kwetu ni msafiri. Kinakuja kwenye begi la mwanafunzi aliyefunga shule, au mkononi mwa mwalimu, padri, mchungaji au shehe. Kinalala kwako wiki mbili. Shangazi anakiomba. Jirani naye ameshakiona. Binamu wa ng'ambo ya daraja, kule Kikagati, Uganda, akija kusalimia anaondoka nacho, na tangu hapo habari zake unazisikia kwa watu. Miezi mitatu baadaye mtoto anakuuliza: "Baba, kile kitabu kilisema nini?" Unajibu: "Aa, kilikuwa kizuri sana." Basi. Hapo ndipo maarifa yako yalipoishia.

Siku moja nilinunua karanga za mia mbili. Nilipofungua ile karatasi nikakuta mwandiko safi, wino wa bluu, ukieleza jinsi Sekai alivyokimbia na mwanawe mwenye ualbino. Nikatambua: ni Takadini, riwaya ya Ben Hanson, ile ya kidato cha nne. Sentensi ilikatikia ukingoni mwa karatasi. Nikala karanga zangu nikiwa na swali: huyu aliyeandika vizuri namna hii yuko wapi sasa, na anaandika nini?

Simlaumu hata kidogo. Nani hakufanya vile? Wewe uliyepita sekondari, hukuandika kurasa na kurasa juu ya Ngoswe, juu ya Watoto wa Mama N'tilie, juu ya Kilio Chetu? Dhamira, wahusika, mandhari, vyote ulivipanga. Mtihani ukaisha, notisi zikaenda sokoni. Tulifundishwa kuandika juu ya vitabu, ila hatukuambiwa kwamba kazi hiyo inaweza kuendelea bila mtihani.

Nyumbani ni rahisi zaidi, maana hakuna anayesahihisha. Ukitaka kusema mhusika huyu amekukera, sema. Ukitaka kuandika kwamba ulilala ukurasa wa ishirini, andika, nani atakukata maksi?

Mnaweza kuniuliza, mzee, tuandike nini hasa? Nitawaeleza ninavyofanya mimi, na kila mmoja akate kwa kipimo chake. Nina kaunta buku la kawaida, lile la kufunika kwa gazeti. Juu ya ukurasa naweka tarehe, jina la kitabu, jina la mwandishi, na nimekipata kwa nani. Hilo la mwisho lina heshima yake, kwa kuwa kitabu cha kuazima ni amana. Halafu naeleza kwa maneno yangu mwenyewe kilichotokea, kama ninayemsimulia mtu aliyekuwa shambani. Nikikutana na neno nisilolijua naliandika pembeni. Na mwishoni kabisa naandika swali moja ambalo kitabu kimeniachia. Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Wapo watakaosema hawana muda wa kuandika aya. Sawa, andika jina la kitabu tu. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa Uingereza, kuanzia 1838 hadi 1860 alikuwa na vidaftari vya kuorodhesha vitabu alivyosoma na alivyotamani kusoma, na sehemu kubwa ni majina tu. Hata orodha tupu ina faida yake: ukiipitia unaona njia uliyotoka.

Tena tusidhani kitabu ni hadithi peke yake. Chukueni mfano wa migomba yetu. Mnyauko ulipoingia mkoani Kagera, katikati ya miaka ya 2000, yaliandikwa mengi ya kutusaidia. Ua dume liondolewe kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kwa kuwa kisu kilichogusa mgomba mgonjwa hupeleka vimelea kwenye ule mzima. Liondolewe mapema, maana wadudu wanaolitembelea ndio wanaoingiza ugonjwa kupitia makovu ya maua yaliyodondoka. Panga lipite motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Machipukizi yasitolewe kwenye shamba lenye ugonjwa.

Kipeperushi kimoja, karatasi moja. Kiko wapi leo? Kililowa mvua ya masika, au kilitumika kuwashia moto. Lakini baba aliyekaa jioni moja akanakili mambo yale manne kwenye daftari lake, akaongeza chini yake, "Leo nimeondoa maua ya migomba kumi na miwili upande wa mtoni," huyo ana kitabu chake cha kilimo. Mwanawe akirithi kibanja, atarithi na maelezo yake.

Mama anayesoma kijitabu cha kliniki, je? Muuguzi? Fundi umeme anayepitia maelekezo ya mashine? Kijana wa bodaboda anayesubiri abiria pale karibu na daraja, saa nzima kijiwe kikiwa kimya? Mlinzi wa usiku? Kila mmoja ana robo saa yake. Na umeme nao unatuongezea jioni. Mto Kagera huu tunaouvuka kwenda kusalimiana sasa unazungusha mitambo ya Kikagati–Murongo, megawati 14, kwa ajili ya nchi mbili. Taa ikiwaka, iwake na juu ya daftari.

Sasa nizungumze na wazee wenzangu.

Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mkoa huu, ukiitwa bado Ziwa Magharibi, ulikuwa kati ya mikoa ya Kanda ya Ziwa iliyotangulia kwenye kisomo chenye manufaa, mradi ulioendeshwa kutoka Mwanza kwa msaada wa UNESCO. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe: pamba kwa wakulima wa pamba, migomba kwa wenye migomba, uvuvi kwa wavuvi. Baadaye likaja na gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Mwaka 1967 watu wazima nchini wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama 67 katika kila 100. Jaribio la taifa la 1975 likakuta wamebaki 39.

Kuna bibi na babu zetu walioshika kalamu kwa mara ya kwanza wakiwa na wajukuu. Walijivunia kusaini majina yao badala ya kuweka dole gumba. Lakini kusoma ni kama njia ya shambani, isipopitwa nyasi huifunga. Wengi hawakuwa na cha kuandika tena baada ya cheti. Je, hatuwezi kuwarudishia kalamu hiyo? Bibi ambaye macho yamechoka asomewe na mjukuu. Akimaliza kusikiliza aseme maoni yake, mjukuu aandike: "Bibi anasema huyu mwanamke alikosea kuondoka usiku." Nawaambieni, maoni ya bibi huwa matamu kuliko kitabu chenyewe.

Na akisema kwa Kinyambo? Andikeni kwa Kinyambo. Akitumia neno ambalo Kiswahili hakina, liacheni vilevile. Daftari la nyumbani halina lugha ya kigeni.

Hapa nina jambo linalonigusa zaidi ya mengine. Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika Karagwe wakapokewa na mfalme wake, Mukama Rumanyika. Wakakirimiwa vizuri. Speke alipoendelea na safari kuelekea Buganda, Grant alibaki huku miezi kadhaa, mguu umemshinda. Wote wawili walikuwa watu wa kuandika kila siku. Mwaka 1863 daftari la Speke likawa kitabu, na mpaka leo mtu akitaka kujua Rumanyika alizungumza nini na wageni wake, anaanzia kwa mgeni.

Sisemi mgeni aliandika uongo wote. Yapo mengi ambayo bila yeye tusingeyajua. Lakini mtu huandika alichokiona yeye, kwa macho aliyokuja nayo, na yale ya kwetu aliyoyacheka au kuyadharau yalikuwa na maana ambayo hakuijua. Rumanyika naye alikuwa na maswali mengi kwa wageni wale. Jioni wageni walipolala, watu wa boma walisema nini juu yao? Naamini walisema mengi!

Kwa hiyo unapopata kitabu kinachotueleza sisi, iwe historia, iwe kitabu cha shule, iwe chochote, usikisome ukiwa kimya. Kijibu. Andika kwenye daftari: "Hapa mwandishi amepatia." "Hapa babu alinieleza tofauti." "Hili nitamuuliza mzee fulani Jumapili." Msomaji mwenye daftari anakaa barazani pamoja na mwandishi, wanazungumza.

Na msiseme, maandishi yangu yatamfaa nani. Kule Ukerewe, ndani ya ziwa letu la Victoria, Mzee Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata wa kukichapa. Miaka ikapita. Akakaa tena akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kazi nyingine kubwa juu ya ile ya kwanza. Kilichapwa 1980, miaka thelathini na mitano tangu alipoweka nukta ya mwisho ya Kikerewe. Mwaka uliofuata alifariki. Karatasi ilisubiri muda wote huo. Leo ukitaka kujua watu wa visiwani walivyooa, walivyolima, walivyotibu na walivyoagana na wafu, unafungua kazi ya mtu mmoja aliyeketi na kalamu. Sikuagizi uandike riwaya. Nakuagiza ukurasa mmoja kwa kitabu.

Vijana wangu mtaniambia: "Lakini mzee, simu ipo." Ipo, na ni chombo kizuri. Ila simu ya hapa kwetu mnaijua: leo chaji imeisha, kesho inakamata mtandao wa ng'ambo, mwakani imeuzwa ili ipatikane ada. Ikiondoka inaondoka na kila kitu. Tena kuandika kwa mkono kuna polepole yake. Kabla kalamu haijamaliza neno, umeshapata nafasi ya kujiuliza kama ndicho ulichotaka kusema. Na mwandiko wa marehemu baba yako ukiuona, hauwi kama maandishi ya simu. Ile herufi aliyokuwa anaikata mkia, ile alama ya chai kwenye pembe ya ukurasa, ni yeye.

Walimu, hamwezi kuwaachia watoto daftari moja lisilosahihishwa kwa wino mwekundu? Viongozi wa dini, mnayo makabati yenye vitabu ambavyo waumini hawajui kama vipo. Je, orodha yake haiwezi kubandikwa mlangoni? Na sisi wazazi, mtoto akituona tunaandika madeni tu, atajuaje kwamba kalamu ina kazi nyingine?

Kwangu tumekubaliana Jumapili baada ya chakula. Hatusomi wote, wengine wanasikiliza huku wakichambua maharage. Msimu wa senene mkutano unavunjika, na mimi mwenyewe ndiye wa kwanza kunyanyuka. Lakini daftari linapita mkono hadi mkono. Mjukuu wa darasa la tatu aliandika mstari mmoja tu juu ya hadithi ya sungura: kwamba fisi alionewa. Tulibishana mpaka giza likaingia.

Ukurasa wa mwisho wa daftari nimeupiga mistari, ni wa vitabu vilivyotoka. Jina la kitabu, jina la aliyekichukua, tarehe. Kipo kimoja kilivuka daraja mwezi wa sita. Mwenyewe anajijua, na akisoma haya aje tu, chai ipo. Ila aje na kurasa zake, nataka kujua alifikiri nini kuhusu mwisho wa kitabu.