Punda afe, mzigo ufike? Nani wa kumtetea punda wa Tarime na Serengeti

Ukisikia kuna mashirika ya hisani yanayookoa farasi waliotelekezwa, unaweza kucheka. Farasi gani, na yuko wapi? Ukizunguka kutoka Sirari hadi Mugumu si rahisi kukutana naye. Magonjwa yanayoenezwa na mbung'o hayamwachi farasi aishi vizuri ukanda huu.

Lakini ndugu yake yupo, na unamuona kila siku: punda. Anabeba madumu ya maji, magunia ya mahindi na kuni. Akiumwa, mara nyingi hapelekwi popote. Akizeeka, anaachwa barabarani ajitafutie.

Tuna msemo: punda afe, mzigo ufike. Swali ni hili: akifa, mzigo wa kesho utafikaje?

Hali ikoje?

Tuanze na hesabu ndogo. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Ukimpakia punda madumu manne, hizo ni kilo 80. Wataalamu hushauri mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa mnyama. Punda wa kilo 150, basi, abebe kama kilo 50 tu. Sasa jiulize wa kwenu anabeba ngapi.

Tatizo la pili ni nira. Nira imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, ambaye ana nundu ya kuizuia. Punda hana nundu, anavuta kwa kifua. Ukimvalisha nira ya ng'ombe, mti unamkandamiza shingoni mpaka anachubuka. Kesho yake anavalishwa tena juu ya kidonda kilekile.

Na kidonda si jambo dogo. Tetenasi kwa Kiswahili tunaiita pepopunda, na kweli punda na farasi ni kati ya wanyama wanaoathirika vibaya na ugonjwa huo. Kidonda kichafu kinaweza kumuua mnyama ambaye familia nzima inamtegemea.

Biashara ya ngozi ilivyobadili mambo

Kwa miaka mingi hakuna aliyemjali sana punda. Kisha ngozi yake ikapata bei. China huichemsha kutengeneza ejiao, dawa ya asili inayotumika pia kwenye vipodozi. Punda wa huko walipungua kutoka milioni 11 mwaka 1992 hadi chini ya milioni 3, wanunuzi wakageukia Afrika.

Kenya ilifungua machinjio kuanzia mwaka 2016. Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, punda zaidi ya 300,000 walichinjwa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini humo, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Wizi ukashamiri. Mtu analala na punda wawili zizini, anaamka hana hata mmoja.

Nairobi ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, lakini Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021. Tanzania nayo ilitangaza kuzuia uchinjaji kwa miaka 10. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliridhia kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima.

Kwa Tarime hili si habari ya mbali. Sirari na Isebania zimetenganishwa na mpaka tu, na njia za panya zipo. Bei ya ngozi ikipanda upande mmoja, zizi la upande wa pili haliko salama. Tena punda hazaliani haraka: mimba inachukua takriban mwaka mzima na anazaa mtoto mmoja.

Marufuku peke yake haitoshi

Hapa ndipo wengi tunakosea. Marufuku inamwokoa punda na kisu, haimtibu kidonda cha shingo. Aliyenusurika kuchinjwa jana, leo bado amebeba kilo 80.

Historia ya kazi hii ina funzo. Mwaka 1930, Mwingereza Dorothy Brooke alifika Cairo akakuta farasi wazee waliotumika na jeshi la nchi yake Vita ya Kwanza ya Dunia, wamechoka, bado wanavuta mikokoteni. Akachangisha fedha na kuwanunua kwa maelfu. Wengi walikuwa hoi kiasi kwamba ilibidi wauawe wapumzike. Lakini aliona kuwa ukimnunua farasi wa maskini, kesho maskini huyo atatafuta mwingine na kumtumikisha vilevile. Mwaka 1934 akafungua hospitali ya kutibu wanyama bure, wenye mali wakiendelea kubaki nao. Shirika lililozaliwa hapo, Brooke, leo linafanya kazi Afrika Mashariki pia, na huku mnyama wake mkuu ni punda.

Mara ni hivyohivyo. Ukimchukua punda wa mama wa kijijini ukampeleka kwenye hifadhi nzuri, umemwokoa punda na kumtwisha mama madumu kichwani. Kumwokoa punda wa huku ni kumtibu akiwa kwa mwenyewe, na kumfundisha mwenyewe.

Kifanyike nini?

Sheria tunayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama. Lakini kumtoza faini mtu ambaye mali yake ni punda mmoja hakutamponya punda huyo. Yapo mambo ya bei nafuu zaidi.

Kwanza, mafundi wa mikokoteni wafundishwe kushona mikanda ya kifuani. Gunia na blanketi kuukuu vinatosha kuanzia.

Pili, tutumie njia iliyopo. Wilaya ya Serengeti imezoea kampeni za kuchanja mbwa dhidi ya kichaa tangu miaka ya 1990. Siku hiyohiyo mtaalamu akiwa kijijini, kwa nini punda wasiletwe waoshwe vidonda, wapewe dawa za minyoo na kukatwa kwato?

Tatu, alama. Kampeni ya kuvisha mifugo heleni ilipokuja, punda alihesabiwa pamoja na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Punda mwenye alama ni mgumu kuuzwa mnadani na mwizi.

Mashirika ya hisani yanaweza kuanzisha haya, ila mradi una mwisho. Halmashauri zisipoweka punda kwenye bajeti ya mifugo, gari la mradi likiondoka na dawa zimeondoka.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Kwa hali ilivyo, tukiwa wakweli, anayepiga mateke ni nani? Yeye maji ameshaleta.